Homa ya Kalama Dzombo na Maziwa ya Faduma

Mchungaji, wazee wangu na majirani, mimi ni Isaac Dzombo, mdogo wake marehemu, na wapo walioniomba niruke sehemu ya ugonjwa, lakini sitairuka, kwa sababu nawaona mnavyomtazama kwa pembeni Faduma, muuza maziwa, tangu alipoingia hapa.

Kaka yetu Kalama alizaliwa Marafa tarehe 4 Agosti 1966, mtoto wa pili wa Mzee Dzombo na Mama Nyevu, akasoma huko huko hadi darasa la saba mwaka 1982, kisha mwaka 1989 akahamia hapa Kulesa, akalima mahindi na ndizi, na kuendesha pampu ya maji ya wakulima, ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, hata mimi. Tarehe 14 Desemba 1991 alimwoa Jumwa, wakajaliwa Winfred na Griffin.

Novemba mwaka jana alipigwa picha ya tumbo, akaambiwa ana mawe kwenye mfuko wa nyongo na apasuliwe, naye akasema atakwenda baada ya mavuno. Tarehe 9 Mei akashikwa na homa ya kutetemesha, maumivu chini ya mbavu za kulia, macho yakawa manjano, na sisi, kama kawaida yetu, tukaanza kuulizana nani alimpa nini, tukaishia kwa Faduma, aliyemletea maziwa kila asubuhi kwa miaka kumi na moja. Nikayamwaga, nikampeleka kaka kwa mganga, akapigiwa ramli siku nne, kila siku akionekana mwanamke mwenye kibuyu, na mimi nikiitikia.

Tulimfikisha hospitali tarehe 13, akafariki tarehe 15, saa kumi alasiri. Daktari alieleza kwamba jiwe lilitoka likaziba mrija wa nyongo, bakteria wakazaliana humo mpaka wakaingia kwenye damu, na kwamba angefikishwa mapema huenda angepona. Hata hapo nilimuuliza kama sumu haiwezi kufanya hivyo.

Msilolijua ni hili, kwamba asubuhi ile ya tarehe 9 Faduma alikuja na pikipiki aliyoikodi mwenyewe, ili kaka awahishwe hospitali, nami nikamfukuza, nikijiuliza mbona ana haraka hivyo. Kwa hiyo vijana waliopanga kwenda kwenye kibanda chake baada ya maziko, waanzie nyumbani kwangu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wakulima wenzake wa pampu, majirani waliochimba kaburi, na Faduma. Kaka Kalama, upumzike, na ukiweza, unisamehe.