Hamsini ndani ya taksi-basi

Blandine alikuwa amekata shauri: kamera yake mpya ataitafutia lenzi ya milimita thelathini na tano, isiyovuta karibu wala mbali lakini inayoona upana kuliko ya hamsini. Jirani yake kwenye taksi-basi, mzee Alimasi muuza kamera, akatikisa kichwa. "Mama, kamata ya hamsini. Iko bon marché, bei ya chini, na sura inatoka muzuri."

"Mi napigaka foto za mahari mu salon za nyumba za Kapata, tata. Salon ni kadogo! Muyomba mumoja akikatwa mu foto, ni matata ya bafamille mbili."

Blandine akavuta lenzi iliyokuja na kamera hadi hamsini, akampa Alimasi kamera, mkanda akaushika mwenyewe. "Piga sisi bote."

Alimasi akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango. "Batatosha tu, nyuma kidogo!"

Taksi-basi ikasimama, mlango ukafunguka, naye akashuka kinyumenyume, jicho bado kwenye kamera, mkanda ukimvuta Blandine.