Friza ya Mama Beldina na Udongo wa Mlimani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mama Beldina Okinyi, muuza samaki wa Dunga, aliyetuaga Alhamisi iliyopita. Mama huyu hakuwahi kukanyaga mlima wenye baridi. Lakini ndiye aliyegundua kwa nini udongo wenye mawe huporomoka huko juu. Nikiwaza hilo, bado nasisimka!

Sikieni. Owiti ni fundi wa maabara kule Bondo. Alipewa kazi ya kupima ukingo wa udongo na mawe juu kabisa ya Mlima Elgon, mahali ambapo usiku kunaganda na mchana jua linayeyusha. Chini ya ukingo huo walikuwa wanalala wapagazi kumi na wanane. Swali lilikuwa moja tu: je, wako salama?

Friza ya maabara ikaharibika. Owiti akaja Dunga kuomba nafasi kwenye friza ya Mama Beldina, kando ya mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani. Mama alimcheka kwanza, akamuuliza kama siku hizi udongo unauzwa kwa kilo. Kisha akampa kona. Makopo ya udongo aliouchota mlimani yakaganda mwezi mzima. Owiti akayatoa, akapima. Udongo imara! Akaanza kuandika ripoti kwamba wapagazi wabaki.

Hapo Mama akamkatiza. Binti yake, Sheryl, alikuwepo, na amenipa maneno yenyewe: "Mwalimu, samaki ikikaa kwa friza mwezi mzima, bado iko sawa. Lakini hii natoa asubuhi napeleka soko, jioni narudisha, kesho natoa tena? Nyama inaachana na mfupa. Sasa huko mlima, baridi inakaa tu, ama inaenda ikirudi?"

Owiti akaweka kalamu chini. Baridi ya mlimani inaenda ikirudi, kila siku ya Mungu. Yeye aligandisha mara moja tu, msomi mzima!

Kuanzia siku hiyo makopo yalitoka na samaki asubuhi, yakarudi na samaki jioni, Owiti akiongeza maji kidogo. Maji yakiganda yanatanuka, yanasukuma mawe. Yakiyeyuka yanaacha nafasi, na maji mengine yanaingia. Ganda, yeyuka. Ganda, yeyuka. Mara ya kumi na nne, Owiti alibonyeza kwa kidole gumba, udongo ukamegeka. Akampigia Simiyu, msimamizi wa wapagazi, akamwambia wahame leo. Simiyu alinung'unika, lakini wakahama. Siku ya tisa baada ya kuhama, ukingo wote ulishuka, ukafunika kambi. Hakukuwa na mtu ndani. Hata mmoja!

Sheryl na jamaa wote, poleni sana kutoka kwetu sote hapa studioni. Nasi wengine tujiulize ni mara ngapi mtu wa sokoni ametuambia jambo la maana, tukaona anatupotezea wakati.

Mazishi ni Jumamosi, Nyamasaria. Familia ilikuwa inatafuta watu wa kubeba jeneza. Jana Simiyu alimpigia Sheryl simu, akamwambia asihangaike.

"Tunakuja wote kumi na wanane," alisema. "Mama tutambeba sisi."