Mzee Nashoni na Kebo ya Ambokile
Na Lea Kalinga, Masjala

Tarehe 30 Juni fundi mitambo wetu, Nashoni Nkuba, anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Muziki Amkeni, Mbeya, kwa miaka thelathini na mmoja. Niliombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ingawa mwaka huu furaha kwetu imeadimika.

Alizaliwa Ubaruku, katika familia ya wafugaji waliohamia Usangu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Baba yake alitaka abaki na mifugo. Yeye akaja mjini, akaajiriwa kupakia na kupakua vyombo vya bendi, na kwa kuwa hajui kukaa bure, akajifunza kulehemu waya.

Kilichompa jina ni msiba mmoja wa Rujewa, ambako bendi yetu iliitwa kupiga. Ofisi ilikuwa imenunua kebo mpya ya gitaa, inang'aa, bei poa. Mchungaji akiwa katikati ya sala, kebo ile ikanasa redio, na spika zikatangaza goli mpaka watoto wakaruka. Hata mjane alicheka. Rahisi ghali. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kununua kebo ila Nashoni.

Na alivyokuwa msumbufu! Wauza vyombo wa Mwanjelwa walianza kufungua maboksi kabla ya salamu. Rangi haikumhusu. Alifungua jeki, ile ncha ya kuchomeka, aone risasi ya kulehemu ilivyoshika. Alitaka wavu wa shaba uliouzunguka waya wote, maana ndio unaozuia makelele ya nje. Kisha aliichomeka kebo, akaitikisa penye shingo ya jeki, akasikiliza kama inakwaruza. Ikiwa ndefu kupita kiasi aliirudisha, akisema inakula sauti nyembamba za gitaa. Waya wa spika kwenye gitaa hakutaka hata kuusikia. Tulimtania kwamba mchagua jembe si mkulima. Alicheka, akaondoka bila kununua.

Aliyefaidi zaidi ni marehemu Ambokile, mpiga solo wetu na rafiki yake wa tangu mwanzo. Mwaka jana kebo ya Ambokile ilianza kukatakata sauti. Nashoni akaapa kumtafutia moja ya kumfikisha uzeeni. Akazunguka Mbeya, akaenda Iringa, zote akazikataa. Mwishowe akaagiza Dar es Salaam. Ilishushwa stendi wiki tuliyotoka kumzika Ambokile.

Pakiti hajaifungua mpaka leo. Nilipomuuliza, alijibu maneno mawili tu: "Nilichagua mno."

Zawadi ya kuagwa hakuitaka. Aliomba Yunisi, binti wa Ambokile, muuguzi huko Tosamaganga aliyefundishwa gitaa na baba yake, aje apige wimbo mmoja kwa kebo ile, ili yeye Nashoni aisikie kabla hajarudi shambani. Yunisi alipiga simu juzi. "Kuja nitakuja, baba mdogo," alimwambia, "ila kupiga bado sana. Nikilishika tu lile gitaa, nalia."

Nashoni akaniachia pakiti mezani. "Mpeni akija," alisema. "Na mtu asimharakishe."

Kwa hiyo katika sherehe hii ya kumuaga hakutakuwa na solo.

Mzee Nashoni, asante kwa kila ibada na kila msiba ambao sauti haikutukatikia. Tunaumia kwamba unaondoka bila kuisikia kebo uliyoihangaikia kuliko zote. Usijilaumu. Hukumchelewesha Ambokile, kifo ndicho kilichowahi. Nenda Ubaruku ukalime mpunga wako, Mungu akupe afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya amani. Siku Yunisi atakapoweza, hata ikiwa mwakani, tutakupigia na kuiweka simu mbele ya spika.

Simu yako usiizime.