Asali Ndani ya Plasta ya Amon

Mgeni rasmi, Daktari Flavia, bingwa wa mifupa na kiongozi wa utafiti uliotuchunguza miguu. Baba paroko na mchungaji mliokubali kukaa benchi moja. Wauguzi wetu wa hospitali ya misheni. Ndugu na majirani mliotoka Isevya, Ntalikwa na Igalula: wakubwa shikamooni, wadogo tumewaona, na wenye magongo msisimame, tumeshawasamehe.

KARIBU

Daktari, hapa wewe si mgeni. Umekuja mara nyingi, lakini ulikuwa ukija kutubonyeza miguu, kututazama usoni kama tunakunja ndita, kisha ukaondoka. Leo umekaa kwenye kiti chenye kitambaa na mikono yako imetulia mapajani, nasi tumefurahi kupita kiasi kwa sababu hakuna atakayebonyezwa. Chakula kipo. Kuna ugali, kuku wa kienyeji, mlenda, na asali ya kuchukua nyumbani. Kuhusu hiyo asali utatuvumilia, maana risala hii haiwezi kusomwa bila kuitaja.

TULIKOTOKA

Sisi ni watu tuliovunjika mguu chini ya goti. Wengi wetu tuliangushwa na bodaboda, mmoja alisukumwa na ng'ombe wake mwenyewe akiwa anamsifia, na wengine hatupendi kusema tulivyoanguka. Huku kwetu mtu akivunjika mguu analazwa nyumbani, na kulazwa kwenyewe ni kwa heshima. Analetewa maji, analetewa uji, redio inasogezwa karibu, na akithubutu kunyanyuka shangazi zake wanamrudisha kitandani wakimwambia atulie mfupa ushike. Mfupa unashika kweli, lakini siku ya kusimama ikifika, goti limekwisha kukakamaa na paja limenyauka. Wapo tuliowazoea wakichechemea mpaka tukasahau kwamba zamani walikuwa wanacheza ngoma.

Ndipo ukaja wewe, ukasimama kwenye ukumbi huu huu. Ulisema zipo njia mbili za kumtunza aliyefungwa plasta ngumu, ile vijana wanayoiita piopii. Ya kwanza, asubiri na magongo bila kuukanyagia mguu mpaka mfupa uunge. Ya pili, aanze kukanyaga mapema na plasta yake, polepole, akiwa ameshikwa. Mtu mmoja akauliza ipi bora. Ukajibu, "Kwa watu wanaolima na kutembea kama ninyi, sijui. Ndiyo maana nimekuja."

Daktari, usitucheke, siku ile ulitutia hofu. Tumezoea daktari anayejua. Watu walianza kutafuta kandambili zao chini ya viti ili waondoke. Aliyewazuia ni Amon Masolwa, mrina asali wa Ntalikwa, aliyekuwa amelazwa kwenye machela pale mlangoni. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Kama yeye hajui na mimi sijui, tumelingana. Aliyelingana na mimi hawezi kunidanganya. Tuanze." Watu wakacheka, wakakaa, bahasha za kura za kumpangia kila mtu njia yake zikapita. Amon alipofungua yake, ikasema atakanyaga mapema.

YALIYOMKUTA AMON

Wageni wetu wasiomfahamu, Amon ni yule mrefu wa mstari wa tatu anayejifanya kuangalia dari. Kazi yake ni kutundika mizinga juu ya miti, kule msituni ukishaipita Igalula, na kuipandia tena wakati wa kurina. Alianguka kutoka kwenye mninga. Mzinga ulitangulia, yeye akafuata, na mke wake Leonia hupenda kusema kwamba nyuki peke yao ndio walioshuka salama. Wengine tunacheka, ila Amon hakucheka. Mrina asali asiyeweza kupanda mti ni mtu wa kukaa barazani akingoja mkewe arudi shambani, na hilo alilihofia kuliko maumivu.

Mtu aliyemsimamisha ni Gaudensia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa utafiti huu. Siku ya kwanza Amon aligoma. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akashika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili, akasema, "Dada, mimi nimepanda miti tangu sijabalehe, lakini hii sakafu naiogopa." Gaudensia hakumpa maneno mengi. Akampa mkono na kumwambia, "Niegemee mimi, sakafu iache." Amon akakanyaga. Akakanyaga tena. Leonia alikuwa ameziba macho kwa khanga, akawa anauliza tu kama tayari ameanguka.

Yakaenda vizuri mpaka plasta ilipoanza kumwasha. Enyi mliowahi kufungwa, mnajua muwasho ule, unaweza kukufanya umkosee adabu mama mkwe. Kisigino kikachubuka ndani kwa ndani. Gaudensia alikuwa amewaonya wote kwamba plasta isiloe, na ikiwasha sana mtu arudi hospitali. Sasa mwambie hivyo mrina asali. Amon tangu utoto kila mkwaruzo wake umetibiwa kwa asali, na babu yake vilevile. Akachukua asali safi iliyochujwa, akakata tete, akaimimina taratibu kutokea gotini hadi akahisi imefika kisiginoni.

Leonia akamkumbusha, "Umeambiwa isiloe."

"Asali si maji," akajibu Amon.

Mgeni rasmi, tunadhani katika vitabu vyenu vyote hamkuwa mmeandika katazo la asali. Mngekuwa Tabora mngeliandika ukurasa wa kwanza.

Kwanza alipata nafuu, akajisifu kwa majirani. Kisha wakaja sisimizi. Waliingia kwa juu na kwa chini, kwenye vidole, na Amon hawezi kuwafikia. Akafanya kile ambacho kila nyumba hufanya kwa kabati la sukari: akaweka kila mguu wa kitanda ndani ya kopo la maji, akapanda kitandani na kukaa huko. Mtu aliyepewa kazi ya kutembea akawa amejizingira mwenyewe kwa maji. Plasta ikalainika, ikaanza kunuka, na vidole vikavimba.

Kwa nini hakwenda hospitali? Hapa ndipo tunapoomba mtusikilize. Amon aliogopa kufukuzwa. Alijua ameharibu. Aliamini akisema ukweli atatolewa kwenye utafiti, na akitolewa atakuwa amempoteza Gaudensia, na bila Gaudensia hatapanda mti tena maisha yake yote. Basi akanyamaza na mguu ukizidi kuharibika. Leonia alilia, akabembeleza, akanuna, na Amon akabaki kwenye kisiwa chake.

Gaudensia alifika mwenyewe kwa pikipiki, kwa kuwa ilikuwa kawaida yake kutufuata majumbani. Akapiga hodi, akakaribishwa, akasalimia, akatazama chini. "Wifi," akamwuliza Leonia, "hicho kitanda mnakilinda na nini?" Leonia alinyosha kidole tu kwenye plasta. Gaudensia akainama, akanusa, akaufahamu mchezo wote.

Hospitalini plasta ilipasuliwa kwa msumeno. Kisigino kilikuwa na kidonda kibaya, ngozi imekuwa nyeupe kwa kulowa, na muuguzi alisema wazi kwamba angechelewa zaidi, wangekuwa wanazungumzia kukata mguu. Ikapigwa picha kuona kama mfupa umesogea. Tulikuwa tumejaa kwenye kibaraza tukisubiri. Daktari Flavia, wewe ndiye uliyetoka na ile picha mkononi. Ulisema, "Mfupa haujasogea." Tulishukuru Mungu kila mtu kwa dhehebu lake, na Leonia akakaa chini sakafuni.

Amon alikuwa na swali moja tu. Aliuliza, "Nimefukuzwa?"

Ukamjibu jambo ambalo wanakikundi wote tunalijua kwa moyo. "Amon, utafiti unaandika yaliyotokea, hauandiki tuliyotamani yatokee. Kundi ulilopangiwa ndilo lako mpaka mwisho, na asali yako tutaiandika." Kisha ukamweleza kwamba hata wataalamu wanaichunguza asali kwa vidonda, lakini inakuwa imesafishwa kitaalamu, na kidonda kinaachwa mahali kinapoonekana na kusafishwa kila siku, si kufungiwa gizani. Amon alipata plasta mpya yenye dirisha dogo kisiginoni la kusafishia kidonda. Alipotoka alikuwa mwepesi, akamtania Gaudensia kwamba sasa mguu wake umejengwa vizuri kuliko nyumba yake.

TULICHOKIPATA

Wiki hii umetuletea majibu ya utafiti, na umetuletea sisi kabla ya kuyapeleka kwenye mikutano yenu. Umesema kwamba katika sisi, waliokanyaga mapema mifupa yao imeunga sawasawa na ya waliosubiri, na wamerudi kazini mapema zaidi. Umesema pia haya ni majibu ya watu wachache wa sehemu moja, na wengine watayapima kwao. Tumekuelewa. Hata hivyo turuhusu tufurahi kidogo, kwa sababu zamani tulikuwa tunaulizwa na majirani kama tumekubali kuwa panya wa majaribio, na sasa hao hao wanauliza utafiti mwingine unaanza lini.

Amon amepanda mti. Leonia alikuwa chini akishikilia shina kwa mikono miwili, sijui lingekwenda wapi. Asali mtakayopewa leo imetoka kwenye mzinga alioupandia siku hiyo, na Amon anaomba iliwe kwa mkate.

KINACHOTUKWAZA

Tukifika hapa sauti inapungua, mtusamehe.

Pale mstari wa mbele amekaa Mama Agnetha, muuza karanga wa stesheni ya Igalula, ambaye abiria wengi wa treni wanamfahamu kwa kuwapa kipimo cha kujaa. Aliteleza kwenye ngazi za behewa, mguu ukavunjika. Akagoma kabisa kuja hospitali. Alitaka alazwe nyumbani kwa desturi yetu ile ile, na watoto wake walikuwa wameshamtandikia. Amon ndiye aliyekwenda kumsemesha. Alikaa kwake asubuhi nzima, akamwonyesha kisigino, akamsimulia habari za sisimizi mpaka mama akacheka. Mwisho mama akasema, "Mwanangu, mimi plasta siiogopi. Naogopa kuanguka mara ya pili. Siku ya kukanyaga nani atanishika?"

Amon akasema, "Gaudensia atakushika. Nakuahidi." Mama akakubali, akabebwa, akafungwa plasta.

Amon alipokuwa akiahidi hakujua kwamba mkataba wa Gaudensia ni wa utafiti, na utafiti umekwisha. Tulilijua siku alipokuja kutuaga. Tulimpigia makofi tukidhani ni maneno ya mahafali, kumbe anatuaga kweli. Tangu siku hiyo Amon amepita stesheni ya Igalula akizunguka kwa nyuma, asionekane na Mama Agnetha. Yeye aliyewahi kuficha kidonda chini ya plasta sasa anaficha hili, na linamtesa kuliko lile la kwanza. Sisi tumekaa naye, tukakubaliana kwamba safari hii hatuzungushi makopo ya maji. Tunalisema.

Mama Agnetha, shikamoo. Utuwie radhi kukujulisha jambo lako mbele za watu. Amon hakukudanganya. Aliahidi kitu ambacho hakikuwa mikononi mwake.

OMBI

Daktari Flavia, tulikuwa tumeandaa maombi mengi, kama wenye risala wote. Palikuwa na magongo mapya, benchi za kibaraza, na pikipiki nyingine. Tumeyafuta yote, katibu wetu akanung'unika kwa kuwa alikuwa ameyaandika kwa mwandiko mzuri. Tumebakiza moja.

Umetuthibitishia kwamba kukanyaga mapema ni salama mtu akishikwa vizuri. Sasa aliyekuwa anatushika anaondoka, na majibu yatabaki kwenye karatasi. Tunajua ajira si ya mtu mmoja. Tunajua kuna bodi, kuna bajeti, na kuna watu wa kuulizwa ambao hawapo humu ndani. Pia tunajua kwamba wewe ukisema, wanakusikiliza. Tunaomba Gaudensia abaki katika hospitali hii, si kwa ajili yetu tuliokwisha kupona, bali kwa huyu ambaye Jumatatu ndiyo zamu yake ya kusimama.

Kwa kawaida mgeni rasmi hulijibu kundi zima, na jibu hupokewa na katibu. Leo tunaomba tuivunje kawaida hiyo. Ukimaliza kutusikiliza, usimjibu katibu, wala usimjibu Amon. Mjibu Mama Agnetha, ndiye aliyenyosha mguu juu ya kiti cha pili. Kama jibu ni ndiyo, mwambie yeye. Kama ni hapana, mwambie yeye vilevile, ukimtazama, naye Amon atakwenda kusimama pembeni yake.

Mungu akuzidishie afya ya mikono na ya macho, aiweke salama safari yako, awaimarishe wote wanaolala na miguu imeinuliwa juu ya mto, na awape Jumatatu njema.

Ni sisi, tuliopangiwa kukanyaga na tuliopangiwa kusubiri, wote tukiwa tumesimama kwa miguu yetu isipokuwa mmoja,

Kikundi cha Tumekanyaga, Tabora.