Emrys Probert, Fundi Asiyezima Kanda

Tarehe 29 Juni 2007, Bwana Emrys Probert atazima mitambo ya Studio ya Felin Goch, hapa Wales, kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na tisa. Tunaandika "atazima" kwa wasiwasi, maana hiyo ndiyo kazi pekee ambayo hajawahi kuiweza.

Alianza hapa mwaka 1968, wakati jengo hili, lililokuwa kiwanda cha sufu, bado likinuka kondoo. Aliajiriwa kufunga nyaya, na haukupita muda akawa fundi mkuu wa sauti. Wanamuziki wote, wenye majina na wasio nayo, aliwaita "kijana wangu", hata waliomzidi umri. Siku Wales inapocheza raga, hapa hairekodiwi hata noti moja. Wageni kutoka London hudhani umeme umekatika, na Emrys hajawahi kuwasahihisha.

Lakini sifa yake kuu ni kanda ya kurekodia. Huiwasha kabla watu hawajavua makoti, na haizimi mpaka wa mwisho afunge mlango. Marehemu Bi. Gwladys Harries, meneja wetu wa kwanza, alimgombeza kila mara: "Emrys, unadhani kanda zinaota shambani kama kabichi?" Naye alikuwa akijibu bila kugeuka: "Mtu huimba vizuri akidhani amemaliza, Bi. Gwladys."

Mwaka 1973 jibu hilo liliokoa wimbo. Bendi ya Marwydos ilikuwa imekamilisha albamu yake, isipokuwa wimbo wa kufungia. Mwimbaji wao, Idwal Rees, aliutunga kumkumbuka baba yake, mchimba makaa ya mawe aliyeuawa na vumbi la makaa lililomjaa kifuani majira ya baridi yaliyotangulia. Kila alipofika ubeti wa mwisho, aliacha kuimba akatoka nje. Prodyuza, Bwana Crispin Hale wa London, akakata shauri: siku hiyo ikipita bila wimbo kuisha, albamu itatoka bila huo wimbo. Na Idwal alikuwa ameshamwahidi mama yake wimbo huo.

Emrys alishauri iitwe kwaya ya machimboni, ambamo baba yake Idwal alikuwa akiimba besi. Wazee walikuja na basi moja kwa moja kutoka kazini, nywele bado zina maji ya bafu la mgodini. Wakajipanga kama walivyozoea, wakaacha nafasi moja wazi safu ya nyuma. Hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Safari hii Idwal alijikaza mpaka katikati ya ubeti wa mwisho, sauti ikamkatika. Wazee wakamalizia kiitikio, gitaa likanyamaza, wimbo ukaisha. Yaani uliisha kwa watu wa London. Kwa aliyelelewa katika makanisa yetu, wimbo ukikolea hauachwi. Mistari ya mwisho hurudiwa, na ikibidi hurudiwa tena. Basi wakarudia, na kanda ya Emrys bado inazunguka. Bwana Hale akasimama nyuma ya kioo akipunga mikono yote miwili kuwaambia inatosha. Wazee wakadhani amepandwa na mzuka, anawaongoza. Kadiri alivyopunga ndivyo walivyozidi kunguruma.

Idwal alikuwa ameshavaa koti ili aondoke. Akarudi, akaenda kusimama kwenye ile nafasi, mbali na kipaza sauti chake, akaimba mpaka neno la mwisho. Ile sauti ya mbali mnayoisikia mwishoni mwa santuri ndiyo hiyo.

"Hapo kwenye fujo, pakate," Bwana Hale aliagiza, jasho likimtoka.

Emrys hakuwa mtu wa kubishana na wateja. Akamsogezea mkasi. "Kata mwenyewe, kijana wangu. Mimi wake zao nakutana nao dukani."

Bwana Hale alisikiliza tena tangu mwanzo. Akashika mkasi, akauweka chini, akaomba chai. Kwa Mwingereza, hiyo ni saini ya kukubali. Mama Rees aliipiga santuri yake mpaka ikakwaruzika, na alipoletewa mpya aliikataa.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tangu hapo bendi nyingi zimekuja kutuomba "mwisho kama ule", na Emrys huwajibu kwamba hauuzwi. Mimi ninayekirithi kiti chake nilifundishwa naye kila ninachokijua, na sioni haya kusema kwamba nitamlilia.

Tunamshukuru pia Mama Olwen, mkewe, aliyevumilia chakula kupoa kwa miaka yote hiyo. Kwaya itakuwapo kwenye hafla ya kumuaga, na Idwal, ambaye sasa ana mvi, ameomba nafasi safu ya nyuma.

Emrys, asante. Kapalilie bustani yako, ukatazame raga bila kudanganya mtu, na siku zako zote zilizobaki ziwe njema.

Usizime bado, tunarudia: siku zako zote zilizobaki ziwe njema.

Menna Prosser, Chumba cha Mitambo