Mama Vifungo na Mwaka Aliopewa na Binti Yake

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi mdogo wake marehemu nimekabidhiwa karatasi hii na binti yake wa pekee, ameiandika na kuifuta mara nyingi, akaniomba nisiruke mstari hata mmoja, kwa hiyo mkisikia jambo linalochoma, mjue limewekwa makusudi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, katika chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga unga, mtoto wa kwanza kati yetu wawili, akasoma hadi darasa la saba alilomaliza mwaka 1972, kisha akafundishwa cherehani na shangazi yetu, aliyetumia rula ileile kupimia nguo na kuchapia vidole. Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na dereva wa lori, wakakaa miaka sita bila mtoto, na maneno ya watu mnayajua, hadi tarehe 19 Novemba 1984 alipojifungua binti huyu. Dereva alifariki kwa ajali mwaka 1992, na tarehe 6 Februari 1994 mjane akahamia nchi hii akiwa na sanduku moja, kichwa cha cherehani kilichofungwa kwenye blanketi, na mtoto wa miaka tisa.

Alifanya kazi miaka ishirini na mitatu katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli, chini kabisa kwenye mvuke, akirudishia vifungo mashati ya wageni, ndipo mkamwita Mama Vifungo. Lugha ya hapa haikumwingia, lakini mtoto aliinasa kwa miezi sita, akawa mdomo wa mama yake hospitalini, kwa mwenye nyumba, hata shuleni, ambako mwalimu alisema mtoto ana kelele kupita kiasi, mama akatafsiriwa kwamba mtoto ni mchangamfu, akatoka pale kifua mbele. Tulicheka sana tulipojua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hakuna kati yetu aliyeuliza kama mtoto anachoka.

Jumanne tarehe 17 Juni 2008, binti alikuwa na mtihani wa kuwa mwalimu wa udereva saa nane mchana, akakaa na mama kwenye foleni ya kibali cha ukaazi tangu asubuhi, na walipofika dirishani saa nane kasorobo alisema kwa lugha zote mbili, mbele ya karani na foleni nzima, kwamba mama ana miaka kumi na minne hapa na hata maji hawezi kuomba, basi leo ajitafsirie mwenyewe, akaondoka. Mtihani alifaulu. Mama alirudi nyumbani bila muhuri, na kwa karibu miaka kumi na moja wawili hawa walibaki na salamu za simu, hujambo, sijambo, haya basi. Kazi ya binti ni kuwavumilia watu wasiojua kukanyaga klachi, na ameandika hapa kwamba uvumilivu wake wote aliugawa nje.

Mwaka 2019 tumbo lilianza kumuuma marehemu, akalificha, hadi tarehe 9 Aprili alipoanguka kwenye ngazi, na hospitali ikapiga namba iliyokuwa kwenye fomu ya zamani, ya binti. Tarehe 11 Aprili, katika chumba namba nne, daktari alisema ni saratani ya ini, imesambaa, imebaki miezi mitatu, labda minne. Binti alimtazama mama yake, akamtafsiria kwamba ini limechoka tu, dawa zipo, akila vizuri mwaka ujao atakuwa mzima. Mama akasema, mwambie nimeshukuru.

Binti alihamia kwa mama, akalala kwenye kochi, akamwogesha, akamkata kucha, akiwa na neno moja tu la kusema, nisamehe, lakini aliyeahidiwa mwaka mzima huwezi kumwomba msamaha kama anayeagwa, angeshtuka, kwa hiyo neno likasubiri. Mama naye mara mbili alianza, mwanangu, yale ya dirishani, kisha akaomba maji. Wakachagua kitambaa cha mapazia ya mwakani. Mama alishona pazia moja, la pili likamshinda nusu, ndipo akaligeukia koti la kazi la binti, akakaza kila kifungo mara mbili, na sisi tunaomjua fundi huyu tungepaswa kujiuliza, maana anayetarajia kuwepo hukaza mara moja. Alifariki Ijumaa tarehe 2 Agosti 2019, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, jirani wa ghorofa ya pili aliyembeba mgongoni lifti ilipokufa, na wenzake wa chumba cha kufulia. Tunamshukuru pia mama yule aliyekaa mwisho kabisa, haelewi lugha ninayosomea, ni mwalimu wa lugha ya hapa, alikuja juzi kutupa pole, na ndiye aliyetusimulia haya. Tangu Septemba 2008 marehemu alikaa darasani kwake kila Alhamisi, miaka tisa, sisi tukidhani ana mchumba, na alikusudia kumshangaza binti siku atakapoongea bila kosa hata moja, siku ambayo kwake haikufika. Wiki moja baada ya chumba namba nne alimpigia mwalimu kumuaga, akamwambia kwa lugha ya hapa, sawasawa kabisa, kwamba daktari amempa miezi mitatu, binti yake amempa mwaka, na zawadi ya mtoto hairudishwi.

Basi walijua wote wawili, wakanyamaziana hadi mwisho kwa kuhurumiana. Majuto ni mjukuu, na wetu ameshafika. Mstari wa mwisho nausoma kama ulivyoandikwa: Mama, nisamehe kwa yale ya dirishani.

Nimeusoma, dada, na hujaitika. Pumzika, amani ichukue yote wewe, huku ulikotuacha hakuna wa kuipokea.