Mwanne binti Kibwana, Aliyeshinda Nje ya Kamba

Tarehe 30 Juni 1985 Ndugu Mwanne binti Kibwana anastaafu baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi, kumi na minane Kisarawe na sita hapa Kibaha. Aliajiriwa kuwa mfagizi, akawa tarishi, akawa bingwa wa taifa wa mbio za mizunguko miwili, na anaondoka akiwa msimamizi wa masjala. Ukiacha ule ufagio, hakuna alichopewa kirahisi.

Alizaliwa Maneromango, akaozwa mapema, akaachika akiwa na watoto wawili. Mume alilalamika kwamba mkewe anamtangulia njiani kila wakienda shamba. Mwanne hajawahi kulikanusha hilo.

Novemba 1961 mvua iliikata barabara ya Maneromango. Gari la ofisi yetu ya Kisarawe lilikwama, na tarishi wetu Mwishehe alikuwa ameanguka na baiskeli, mguu uko kwenye plasta. Barua za maandalizi ya sherehe za Uhuru zikabaki mezani. Mwanne, mwenye miezi mitano tu kazini, alimwendea karani mkuu.

“Nipe mimi, bwana. Kule ni kwetu.”

“Na hapa atafagia nani?”

“Nikirudi nitafagia ya siku zote.”

Aliondoka alfajiri, barua zimefungwa kwenye turubai, akarudi kesho yake mchana na daftari limesainiwa lote. Kisha akafagia. Mwishehe alipopona alikuta kazi yake ina watu wawili.

Miaka mitano ya njia ile, peku, ndiyo iliyokuwa mazoezi yake. Mwaka 1966 yalipofanyika mashindano ya kuteua wakimbiaji wa mkoa, pale Kisarawe, alijiandikisha kama wengine. Ofisa mmoja mgeni aliyesimamia orodha alimtazama, umri miaka thelathini na moja, gauni chini ya magoti, akalipiga mstari jina lake.

“Mbio hizi ni za wasichana. Wewe mama, kakae na akina mama wenzako.”

Mwanne alitoka nje ya kamba iliyozuia watazamaji, akasimama usawa wa mstari wa kuanzia. Filimbi ilipolia, akakimbia naye, huko huko nje, kwenye majani na mashimo, njia iliyo ndefu kuliko ya wenzake. Mimi nilikuwa kwenye kona ya pili. Mara ya kwanza alipopita tulicheka. Mara ya pili hatukucheka. Tulisogea kumpisha, na wazee waliokuwa wamekaa waliinuka. Alimaliza kabla ya wote.

Ofisa akaita jina la aliyeongoza ndani ya kamba, Bertha, mwanafunzi wa misheni. Msichana huyo alikuwa bado anahema, mikono kiunoni.

“Mimi ni wa pili,” alisema. “Wa kwanza yule pale, anafunga kilemba. Mkiandika jina langu peke yake, siendi.”

Ofisa alitishia kumfuta na yeye, naye akamjibu kwamba kalamu anayo mkononi, afute. Waamuzi wakajitenga, wakateta, wakaamua mbio zirudiwe alasiri. Mwanne akashinda tena, safari hii ndani, Bertha hatua nne nyuma yake. Wakateuliwa wote wawili, na mwaka uliofuata Mwanne akawa bingwa wa taifa. Jumatatu iliyofuata ushindi huo, saa moja na nusu, alikuwa kazini na mkoba wa barua. Medali alimwachia binti yake Mwamvita, akaringe nayo shuleni.

Mwaka 1970 alijiunga na kisomo cha watu wazima, maana alikuwa amechoka kusomewa anwani. Miaka minne baadaye alikuwa anatusahihishia sisi tahajia, tena mbele za wageni.

Alipohamishiwa Kibaha mwaka 1979 alianza kufundisha wasichana kila Jumamosi, Kongowe. Mkali wao alikuwa Sikudhani, kutoka Magindu. Baba yake, Mzee Twalibu, alimkataza, na Mwanne akamfuata nyumbani kwake.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Umekuja kumvalisha binti yangu kaptula?”

“Nimekuja kukuomba uje umwone akikimbia. Atavaa utakavyo. Ukiona aibu, mrudishe mwenyewe.”

Mzee alikuja, uso umekunjwa, akakaa mbali. Sikudhani alikimbia na suruali ndefu na mtandio, akawaacha wenzake nusu uwanja. Mzee Twalibu aliuliza jambo moja tu, mbio nyingine ni lini. Mwaka 1982 Sikudhani alikuwa bingwa wa mkoa, na baba yake ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Kamati ya kumuaga ilipanga kumpa kiti cha kupumzikia. Tulipomdokezea, aliuliza nani amesema amechoka. Kiti kibaki masjala, akasema, yeye apewe chokaa, kwa sababu mistari ya uwanja wa Kongowe imefutika na wasichana wanagongana. Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, zawadi mtakayoiona mezani leo ni magunia mawili ya chokaa.

Mama Mwanne, tunakushukuru kwa kila barua iliyofika. Tunakuombea afya na miaka mirefu yenye furaha. Jumamosi tutakuja Kongowe kupiga mistari, nawe utatusimamia.